Kipindi cha 41: Supu ya Kuku

BARAKA: Taa nyekundu imewaka, tunarekodi. Mwalimu, salamu ziweke pembeni. Anza na ile chupa ya jamu uliyoniletea gereji Jumanne, ile unayotaka kuoshea dizeli.

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji. Nimesalimia, nishtaki. Ile chupa ni hivi. Jumamosi nilikuwa naandaa somo la michanganyiko na nyuzi za kuyeyuka, nikachoka mifano ya ubaoni. Nikasema wanangu niwape kitu wakione kwa macho. Nikachukua urea, hii hii mbolea ya kukuzia, na kolini kloridi.

BARAKA: Hapo hapo. Kolini kloridi umeitoa wapi?

ZUHURA: Stoo.

BARAKA: Stoo ya nini?

ZUHURA: Ya kuku, Baraka. Stoo ya kuku.

BARAKA: Mmesikia! Mnaotufuata tangu zamani mnawajua wale kuku. Ndio waliofanya kipindi cha Pasaka kisitoke. Leo wameporwa chakula chao kwa jina la sayansi.

ZUHURA: Hawajaporwa, wamekopwa. Na isitoshe ile ya kwanza haikufaa. Maduka ya mifugo yanauza kolini iliyopachikwa kwenye unga wa magunzi ya mahindi, asilimia 60. Nimechanganya na urea nimepata uji wa ajabu, hata kuku wenyewe wangeukataa. Ndipo jamaa mmoja anayechanganya premiksi, yaani vitamini na madini vya kutia kwenye chakula cha mifugo, akanipa fuwele safi. Gramu 140 za kolini, gramu 120 za urea. Chupa nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, nikakoroga kama nusu saa.

BARAKA: Ikawa supu.

ZUHURA: Ikawa maji maji. Sasa sikiliza. Kolini kloridi peke yake inataka nyuzi 302 ndipo iyeyuke. Urea inataka 133. Ukizikutanisha kwa kipimo hicho, mchanganyiko unaganda kwenye nyuzi 12. Maana yake hapa Dar haugandi ng'o.

BARAKA: Hata Njombe mwezi wa saba ungeanza tu kusitasita. Lakini Mwalimu, hilo halimshangazi mtu aliyeshika pasi ya kulehemu. Bati linayeyuka kwenye 232, risasi kwenye 327, ukizichanganya vizuri unapata lehemu ya 183. Mafundi redio wanaishi kwa hilo miaka nenda rudi.

ZUHURA: Ndiyo, kanuni ni ile ile, yutektiki: mchanganyiko unaoyeyuka chini ya kila kimoja kikiwa peke yake. Ila kwenye lehemu umeshuka nyuzi hamsini hivi kutoka kwenye bati. Huku umeshuka zaidi ya mia kutoka kwenye urea, ndiyo maana wakaita ya kina. Kloridi inashikana na urea kwa bondi za hidrojeni, fuwele inashindwa kujipanga upya. Andrew Abbott na wenzake wa chuo kikuu cha Leicester, Uingereza, waliitangaza mwaka 2003. Jina lake kamili ni kimumunyishi cha yutektiki ya kina, kimumunyishi maana yake kimiminika kinachoyeyusha vitu vingine.

BARAKA: Supu ya kuku.

ZUHURA: Baraka.

BARAKA: Kimoja ni cha kuku, kingine ni cha shamba, umevichemsha kwenye sufuria. Nami nakuuliza swali la kweli kabisa: una uhakika imeyeyuka kwa sababu ya hiyo yutektiki? Kolini inavuta unyevu. Ukiacha mfuko wazi Dar hii, asubuhi unakuta umeloa wenyewe. Isije ikawa umeyeyusha kwa jasho la Kariakoo.

ZUHURA: Maji kidogo yamo, sikatai. Maabara nzuri wanaikausha kwanza kwa vakyumu. Lakini gramu 260 za unga mkavu hazigeuki supu kwa unyevu wa nusu saa.

BARAKA: Umesema supu.

ZUHURA: Nimesema... endelea na Jumanne.

BARAKA: Jumanne kaja nayo gereji, safi, inang'aa, haina rangi. Kijana wangu mmoja kauliza, “Mwalimu katuletea asali nyeupe?” Nikamwambia usiguse. Mwalimu akataka dizeli, aone kama supu itavuta sulfuri iliyomo. Nikampa robo lita kutoka kwenye tangi la lori lililokuja na nozeli zimeziba. Akamimina, akatikisa kama anatengeneza juisi ya embe, akaiacha itulie.

ZUHURA: Zikajitenga. Dizeli ni nyepesi, lita moja haifiki hata kilo. Kimumunyishi lita moja ni kama kilo moja na robo hivi, kikakaa chini. Kilikuwa hakina rangi, kikawa cha njano.

BARAKA: Hapo ndipo ulipopiga kelele mpaka fundi matairi wa jirani akaja na spana mkononi.

ZUHURA: Kwa sababu kilitoka kitu! Kuna kitu kilikuwa kwenye dizeli, kikahama.

BARAKA: Rangi ilihama. Rangi si sulfuri. Ungekuwa na kipimo ningenyamaza.

ZUHURA: Hilo nakupa. Na niseme ukweli mwingine: supu ya urea si hodari kwa sulfuri. Wanaofanya kazi hiyo kwa makini wanatumia chumvi nyingine, zenye mikia mirefu ya kaboni, tetrabutilamonia kwa mfano, pamoja na polietilini glikoli. Sulfuri inayosumbua kwenye dizeli imejibana katikati ya pete mbili za kaboni, inaitwa dibenzothiofini. Ni kitu cha mafuta mafuta, hakina hamu ya kuingia kwenye kitu cha maji maji. Wengine wanaichokoza kwanza kwa haidrojeni peroksaidi, inavaa oksijeni, inakuwa salfoni, na salfoni ndiyo inayopenda kuhama.

BARAKA: Waambie watu kwa nini wahangaike hivyo wakati viwanda vina njia yao.

ZUHURA: Njia ya viwanda ni hidrojeni. Unapasha mafuta nyuzi 300 mpaka 400, unasukuma hidrojeni kwa presha kubwa, kuna kichocheo cha kobalti na molibdenamu, sulfuri inatoka kama gesi ya haidrojeni salfaidi, gesi inageuzwa kuwa sulfuri tena. Inafanya kazi. Ila unahitaji mtambo, unahitaji hidrojeni, na zile pete mbili ndizo za mwisho kukubali. Supu inafanya kazi kwenye joto la chumba, kwenye pipa.

BARAKA: Unaosha mara ngapi?

ZUHURA: Hesabu rahisi. Tuseme kila ukiosha inatoa nusu. Dizeli yenye sehemu 500 za sulfuri kwa kila milioni: 250, 125, 62, 31. Mara nne umeshashuka chini ya 50, kile kiwango ambacho nchi zetu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuanza nacho Januari 2015.

BARAKA: Ahaa. Hapo umejifunga mwenyewe. Sisi tunanunua dizeli iliyokwisha kuoshwa huko ilikotoka. Kiwanda cha Changamwe, kule Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi 2013. Kile cha Kigamboni siku hizi ni matangi. Hatusafishi, tunapokea meli. Sasa supu yako unamwoshea nani?

ZUHURA: Nawaoshea wasioweza kujenga mtambo. Wale wanaopika matairi chakavu wapate mafuta. Matairi yana sulfuri, maana mpira unaimarishwa kwa sulfuri, na mafuta yake yanatoka nayo, yanaweza kufika asilimia moja. Hiyo ni elfu kumi kwa milioni! Nani atampelekea mtu wa mapipa mawili mtambo wa hidrojeni? Na wale wanaotengeneza bayodizeli kwa mafuta ya kukaangia chipsi. Hapo ndipo supu inapong'ara hasa, kuliko kwenye sulfuri.

BARAKA: Gliserini.

ZUHURA: Gliserini! Ndiyo mabaki ya kutengeneza bayodizeli. Viwango vya Ulaya na Marekani vinaruhusu asilimia 0.02 tu ya gliserini huru. Ikizidi inatulia chini ya tangi, inaziba filta, inaacha utandu kwenye nozeli. Kawaida unaiosha kwa maji, unapata povu la sabuni na maji machafu mapipa kwa mapipa. Abbott na wenzake, mwaka 2007, wakafanya kitu nilichokipenda: wakachanganya chumvi kama kolini na gliserini yenyewe, moja kwa moja. Mchanganyiko huo bado una njaa ya gliserini, ukiutia kwenye bayodizeli unakwenda kuitafuta nyingine. Unamtuma mwizi akamkamate mwizi mwenzake.

BARAKA: Hiyo tamu. Hiyo nimeikubali kama hadithi. Sasa nisikilize mimi, mtu wa pampu na nozeli. Mwizi amemkamata mwizi. Wote wawili wako wapi?

ZUHURA: Kwenye supu.

BARAKA: Na supu?

ZUHURA: Unaisafisha. Salfoni unaweza kuitenga kwa kuongeza maji, kisha unayafukuza maji. Wengine wanatumia kiyeyushi kingine kuivuta.

BARAKA: Kufukuza maji ni moto. Moto ni kuni au gesi. Kiyeyushi kingine ni pesa, nacho kitachafuka. Mwenye mapipa mawili hafanyi hayo. Mwenye mapipa mawili anatazama kushoto, anatazama kulia, anamwaga mtaroni. Uchafu ulikuwa kwenye dizeli, sasa uko kwenye Mto Msimbazi, na una mbolea juu yake.

ZUHURA: Unamhukumu mtu ambaye hajaanza kazi.

BARAKA: Simhukumu. Nauliza chupa yako iko wapi.

ZUHURA: Chupa gani?

BARAKA: Ile ya Jumanne. Supu ya njano. Leo Ijumaa. Iko wapi?

ZUHURA: ...Nimeiacha itulie.

BARAKA: Juu ya benchi langu! Mwalimu wa kemia, digrii ukutani, amefanya mizunguko mingapi ya kuisafisha? Sifuri. Ameniachia mimi.

ZUHURA: Hiyo ni chupa ya jamu, si mfumo wa kiwandani. Usinichukulie mimi kama ushahidi.

BARAKA: Wewe ndiwe ushahidi nilio nao. Na jambo jingine. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukitoa sulfuri kwa nguvu unatoa na vile vitu vidogo vidogo vinavyoifanya iteleze, ndiyo maana viwandani wanaongeza dawa ya ulainishaji mwishoni. Supu yako inachagua? Inajua hiki ni uchafu, hiki ni cha fundi Baraka?

ZUHURA: Inapenda vitu vyenye chaji upande mmoja. Vitu vyenye naitrojeni, salfoni, gliserini. Kwa hiyo inaweza kuvichukua na hivyo, ndiyo. Utaongeza dawa kama wanavyoongeza wao.

BARAKA: Gharama nyingine.

ZUHURA: Na maji ya kuoshea bayodizeli si gharama? Yale yanakwenda wapi leo, si mtaro ule ule? Mimi nakwambia lita mia za maji ya sabuni dhidi ya lita kumi za supu inayorudiwa. Hata ikirudiwa mara tatu tu.

BARAKA: Ikirudiwa.

ZUHURA: Ikirudiwa.

BARAKA: Basi hilo “ikirudiwa” ndilo kipindi kizima, na hatukubaliani.

ZUHURA: Hatukubaliani. Na sirudi nyuma.

BARAKA: Hata mimi. Kuku wanasemaje?

ZUHURA: Usiwaingize kuku.

BARAKA: Kuku ni wadau! Gramu 140 za kolini ni za kuku wangapi?

ZUHURA: Wengi. Kuku anahitaji kidogo sana kwenye kilo ya chakula. Kifaranga akiikosa miguu inapinda, mkubwa ini linajaa mafuta. Lakini nimesema ile ya kwangu ilikuwa ya magunzi, fuwele alinipa jamaa.

BARAKA: Uji wa magunzi ulikuwa wa nani? Wa kuku. Na umetia urea, huwezi kuwarudishia. Hiyo ni hasara. Wiki hii umeokota trei ngapi?

ZUHURA: ...Mbili zimepungua. Ni joto! Kuku hawatagi vizuri kwenye joto hili, muulize yeyote.

BARAKA: Trei mbili, wasikilizaji. Gharama ya kuosha robo lita ya dizeli, ambayo hatujui kama imeoshwa.

ZUHURA: Nitaipeleka ikapimwe.

BARAKA: Kwa pesa ya mayai yapi?

ZUHURA: [kicheko] Wewe mtu mbaya. Haya, tuna dakika ngapi? Tuliahidi mambo manne ya kuchukua sampuli ya dizeli kabla hujajaza tangi.

BARAKA: Tuna dakika moja na nusu.

ZUHURA: La kwanza, chupa ya kioo inayoonyesha ndani, si ya plastiki ya soda. La pili...

BARAKA: La pili halitaingia. Wala la vinasaba, ile alama inayotiwa kwenye mafuta, halitaingia, na hilo lilihitaji nusu saa lenyewe. Yaandike, tutayasoma kipindi kijacho.

ZUHURA: Ulisema hivyo kipindi kilichopita.

BARAKA: Kipindi kilichopita kuku walitoroka. Mwalimu, chupa uje uichukue kesho. Nimebandika karatasi: SI ASALI.

ZUHURA: Nitapita Jumanne.

BARAKA: Jumanne kijana atakuwa ameshaipaka mkate. Kesho.

ZUHURA: Kesho nina mnada wa kuku.