Njia ya Oodnadatta: Ndege Zilizosimama Wima na Emu Anayelea Wanawe

MWANAIDI: Karibuni wasikilizaji. Leo tunakwenda Australia, kule ndani kabisa, mbali na Sydney na fukwe zake. Kaka Juma amerudi majuzi. Kaka, hebu tupe safari.

JUMA: Ahsante dada. Nilipita njia ya Oodnadatta, jimbo la Australia Kusini, kutoka Marree hadi Marla. Ni kilomita kama 620, lami hakuna. Wapo wanaoikata mbio wafike tu, na mimi nawaonea huruma kwa wanayoyapita.

MWANAIDI: Kama zile ndege ulizonitumia picha?

JUMA: Zile ndege! Umeiacha Marree, huku na huku ni jangwa tupu, mara unaona eropleni mbili zimesimama wima, mikia ardhini, pua juu, mabawa yamegusana. Hapo panaitwa Alberrie Creek, na bustani yenyewe ya sanamu ni Mutonia. Aliyeianzisha ni fundi makenika, Robin Cooke, na malighafi yake ni vyuma chakavu. Kuna tangi la maji la reli ya zamani, amelifanya mbwa, na anaonekana tangu mbali. Ukisogea unaona kutu, unaona mshono wa kuchomelea ulivyopita. Wala hakuna anayekuharakisha.

MWANAIDI: Reli gani hiyo, kaka?

JUMA: Ya Ghan. Njia hii inafuatana nayo. Reli ilifungwa 1980, mpya ikajengwa magharibi zaidi, huku yakabaki magofu ya vituo na madaraja. Ndiyo maana sanamu zile zimenigusa: chuma kilekile kilichofanya kazi pale kimebaki palepale, kimepewa maisha mengine.

MWANAIDI: Na jina Ghan husemwa limetokana na Waafghani, wale waongoza ngamia waliobeba mizigo jangwani. Lakini hawakuwa Waafghani wote, walikuwemo Wabulushi, watu wa Baluchistan. Mimi mtu wa Mombasa, niliposoma hapo nilisimama kidogo. Sisi Wabulushi tunao, na msikiti wao upo Makadara.

JUMA: Basi Marree aliishi Mbulushi mmoja mashuhuri, Bejah Dervish. Mwaka 1896 aliongoza ngamia katika msafara wa uchunguzi wa Calvert, jangwani kwenyewe, na akafariki 1957 akiwa mzee sana. Na pale mjini kuna mfano wa msikiti wao wa zamani, wa udongo na miti. Nimeingia. Ni mdogo, na una baridi ya kupendeza ukitoka juani.

MWANAIDI: Allah awarehemu. Na ngamia je?

JUMA: Malori yalipokuja, wengi waliachiliwa. Leo ni wanyama wa porini. Lakini dada, mnyama aliyenisimamisha ni emu, ndege mkubwa asiyeruka, kama mbuni. Baba na wanawe, wale wadogo wenye milia ya kahawia na maziwa, wanavuka barabara kwa foleni. Nikazima injini.

MWANAIDI: Umejuaje kuwa ni baba?

JUMA: Kwa emu anayeatamia ni dume. Hukaa juu ya mayai wiki nane hivi, hali chakula, hunywa kwa nadra, anakonda kwelikweli. Jike hujiendea zake. Wakianguliwa, malezi pia ni ya baba. Yule alisimama katikati ya njia, akageuza shingo kunitazama mpaka wa mwisho alipopita, ndipo naye akaondoka.

MWANAIDI: Mashallah! Na njiani kuna ziwa pia, siyo?

JUMA: Kati Thanda, au Lake Eyre, nchi ya Waarabana, wenyeji wa asili. Chini yake ni kama mita 15 chini ya usawa wa bahari. Mara nyingi ni chumvi tupu, nyeupe inaumiza macho. Ila mvua za Queensland zikiwa kubwa, maji husafiri kwa mito mpaka humo, na mwari, wale ndege wa majini, huja kwa maelfu kuzaliana.

MWANAIDI: Anayetaka kwenda afanyeje?

JUMA: Aende miezi ya Juni hadi Agosti, joto limepungua. Abebe maji mengi na tairi mbili za akiba. Mvua ikinyesha barabara hufungwa, na ukipita imefungwa unatozwa faini, kwa hiyo atazame kwanza ubao wa hali ya barabara pale Marree. Na jua likianza kuzama aegeshe, kwani saa hizo kangaruu hurukia barabarani.