Kupima parasetamoli na plastiki ya PET kwa DSC: usiitupe raundi ya kwanza

Karibu. Leo tunaweka vitu viwili kwenye mashine ya DSC (kifupi cha Kiingereza, differential scanning calorimetry): unga wa parasetamoli, kisha kipande cha plastiki ya PET, ile ya chupa za maji. Mashine hii hupasha joto visahani viwili kwa mwendo uleule, kimoja kina sampuli na kingine ni kitupu, na hupima tofauti ya joto linaloingia au kutoka. Sampuli inapoyeyuka hunywa joto zaidi kuliko kisahani kitupu, na grafu huonyesha bonde. Kwenye baadhi ya mashine bonde hilo huchorwa kama kilima, kwa hiyo soma kwanza alama ya mshale pembeni ya grafu.

Fungua naitrojeni, mililita 50 kwa dakika. Kisha hakiki mashine kwa indiamu, metali ambayo myeyuko wake unajulikana vizuri: ianze kuyeyuka kwenye nyuzi 156.6, na eneo la bonde likaribie jouli 28.5 kwa gramu. Namba zikipotoka, usiendelee. Rekebisha mashine kwanza.

Sasa sampuli. Vaa glovu, shika kisahani cha aluminiamu kwa kibano, kipime pamoja na kifuniko chake, halafu ongeza unga miligramu 3 hadi 5 na uutandaze uwe tabaka jembamba. Sogea uone hapa: kuna chembe moja imekaa ukingoni. Ifute kwa brashi laini kabla hujabana kifuniko. Ukishabana, weka kisahani juu ya kioo na ukiguse kwa ncha ya kibano. Kikiyumba, kitupe, anza upya. Niliwahi kupoteza siku nzima nikiamini nimeona umbo jipya la fuwele, kumbe kitako cha kisahani kilikuwa kimepinda na hakigusi kihisi joto cha mashine sawasawa.

Programu yetu ni hii: kutoka nyuzi 20 hadi 180, nyuzi 10 kwa dakika, poza hadi 0, pasha tena. Kupasha kwa kwanza ndiyo raundi ya kwanza, kupasha tena ndiyo ya pili. Usipitilize hadi dawa ianze kuungua, maana mvuke wake huchafua tanuri.

Raundi ya kwanza, bonde linaanza karibu na nyuzi 169. Hilo ni umbo la kwanza la parasetamoli, lile la kawaida. Raundi ya pili ni habari nyingine. Dawa iliyoyeyuka ikapoa haikupanga fuwele, imeganda kama kioo. Karibu na nyuzi 24 mstari unashuka ngazi ndogo: kioo kinalegea. Mbele yake kuna kilima, safari hii joto linatoka kwa sababu fuwele zinajipanga, na mara nyingi myeyuko unakuja karibu na 157, yaani umbo la pili. Ni dawa ileile, ila mpangilio wake umebadilika.

Ndiyo maana nasisitiza: kwa dawa, raundi ya kwanza ndiyo inayokuambia kilichomo ndani ya kidonge. Wengi wamezoea kuifuta kwa sababu kwenye polima, yaani plastiki na jamii yake, raundi ya pili ndiyo hutumika kulinganisha malighafi. Hata huko, kama swali lako ni jinsi bidhaa ilivyotengenezwa, jibu liko kwenye ya kwanza.

Tuone PET. Kata kipande bapa, miligramu 5 hadi 10, upande laini uelekee chini. Pasha hadi 290. PET iliyopozwa ghafla ilipotengenezwa inaonyesha ngazi kati ya 70 na 80, kilima kati ya 120 na 140, na bonde karibu na 250. Kuwa makini hapa: fuwele za kile kilima zimeundwa ndani ya mashine, hazikuwa kwenye bidhaa. Tuseme bonde ni jouli 50 kwa gramu na kilima ni 30. Toa, upate 20, kisha gawanya kwa 140, thamani ya bonde inayotumika kwa PET iliyo fuwele tupu. Bidhaa ilikuwa fuwele kwa asilimia 14 hivi. Ukisahau kutoa utaandika 36, na ripoti yako itakuwa na kosa kubwa.

Kabla ya kuhifadhi faili, andika kwenye grafu uzito, mwendo wa kupasha, gesi, na ni raundi ya ngapi.