Chifu wa Karonga, Kamati ya Mbeya

(Mhadhara uliotolewa jijini Mbeya mbele ya walimu, wanafunzi na wazee. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana. Mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Na ninyi wa kule kwetu bondeni, mugonile. Naam, naona walioitika salamu ya mwisho ndio wengi. Basi leo niko nyumbani. Nikikosea jambo la Kyela nizomeeni hapahapa, msinisubiri stendi.

Nimeombwa nilinganishe mila za nchi mbili zinazoendelea. Aliyeniomba alitegemea nitachukua Tanzania na India, au Tanzania na Brazili. Nikamwambia nauli yangu inaishia Karonga, hapo ng'ambo ya mpaka, Malawi. (Kicheko.) Lakini si suala la nauli tu. Mkulima anayetaka kujua mbolea inafanya nini hapandi mahindi shamba hili na maharage shamba lile. Anapanda mbegu ileile pande zote mbili, kisha anakaa anaangalia. Mbegu hiyo sisi tunayo: Mnyakyusa upande huu wa Mto Songwe na Mngonde upande ule wa Malawi. Lugha tunaelewana bila mkalimani. Mungu tunamwita Kyala. Majina yetu yanaanza na Mwa-, hata ukiita "Mwaka..." sokoni Karonga watageuka watu kumi kabla hujamalizia. Na wazee wa pande zote mbili wanasimulia kwamba ukoo wa watawala ulishuka kutoka milima ya Ukinga.

Tulitenganishwa na karatasi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakapiga mstari, na mstari ukaufuata Songwe. Mto wenyewe hawakuuliza. Mnaotoka Kyela mnajua tabia yake: mvua zikizidi unahama njia, mtu analala Tanzania anaamka shamba lake liko ng'ambo. Septemba 1914 Wajerumani waliokuwa Tukuyu, ambayo wao waliiita Neu Langenburg, wakaenda kupigana na Waingereza pale Karonga, na babu zetu wakabeba mizigo ya pande zote mbili. Kisha Tanganyika ikapata uhuru 1961, Malawi 1964, na hapo ndipo kila nchi ikaanza kutia mbolea yake.

Sasa niwasimulie msiba.

Mama yangu mdogo aliolewa upande wa Karonga, akaishi huko, akafia huko. Habari ilitufikia jioni. Saa mbili usiku kikundi cha WhatsApp kilikuwa kimefunguliwa, saa tatu kina watu sabini na picha ya marehemu akiwa kijana. Kabla ya kulala tulikuwa na kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mtu wa usafiri. Mnajua wenyewe, Mtanzania akifiwa chozi na kaunta buku vinatoka pamoja. Asubuhi tukavuka mpaka pale Kasumulu na gunia mbili za mchele, mafuta, na bahasha. Tumejipanga kweli kweli.

Tukafika, tukaenda moja kwa moja mlangoni kwa wafiwa, akina mama wakaanza kulia, sisi wanaume tukashusha mchele. Kaka yangu, ndiye mweka hazina, akauliza: "Kamati iko wapi?" Wakatazamana. "Kamati ya nini?" Mzee mmoja akatuonyesha kwa kidevu chini ya mwembe. Wamekaa wazee watatu kwenye viti vya plastiki, wa katikati amevaa koti la suti lililopauka mabegani. Yule ndiye chifu wa kijiji. Tulikuwa tumempita kama tunavyopita mti.

Ndugu zangu, kaburi lilikuwa halijachimbwa. Vijana wana majembe mkononi, wamekaa. Wanasubiri chifu aseme. Na chifu hakusema mpaka wageni kutoka Tanzania walipoitwa chini ya mwembe wakaulizwa, kwa Kingonde safi kabisa, kwamba kwenu mtu huingia nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi? Kaka yangu ana digrii mbili. Alipiga goti. Tukatozwa kuku mmoja. Halafu ndipo bahasha ikapokelewa, ikaandikwa, na majembe yakaanza.

Pale makaburini chifu akasimama kuzungumza. Nilitegemea salamu za serikali kama za kwetu, zile za dakika mbili ambapo mwenyekiti wa mtaa anatoa pole, anawakumbusha kufanya usafi, anakaa. Yule mzee alitaja watu. Aliwataja wapwa wawili wa marehemu, waliosimama palepale wamevaa miwani ya jua, akasema hawa msiba wa jirani hawaendi, wakifiwa wao ndio tunawaona. Watu wakainamisha vichwa. Mimi nikajiuliza: kwetu nani anaweza kusema maneno hayo kwenye kipaza sauti? Mwenyekiti wa kamati? Kesho anatolewa kwenye kikundi.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo, yote iliyobaki ni mapambo. Tunapenda kusema mila zinakufa. Kwa nilivyoona, mila haifi, inabadilisha mshikaji. Malawi mshikaji alibaki kitini. Sisi tulimwondoa, na kitini pake tukaiweka kamati.

Tuangalie ilivyokuwa. Sheria iliyofuta utawala wa machifu kwetu ilipita mwaka 1963. Na aliyeongoza kazi hiyo, Mwalimu Nyerere, alikuwa mtoto wa chifu, Mzee Burito wa Wazanaki. Wa Iringa mna mfano mzuri zaidi: Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, mtu aliyepokea fuvu la babu yake Kalenga mwaka 1954, akawa Spika wa Bunge tangu 1962, akakaa kwenye kiti hicho miaka mingi. Kwa hiyo sisi hatukuwafukuza wote, wengine tuliwapa kazi nyingine. Mila za ngazi ya chini tukamkabidhi balozi wa nyumba kumi.

Kwa Malawi ikawa kinyume. Sheria ya Machifu ya 1967 ikawapanga ngazi kwa ngazi, kuanzia mkuu wa kijiji hadi chifu mkuu, na serikali inawalipa posho, wao wanaiita mswahala. Pale Karonga yupo Kyungu, chifu mkuu wa Wangonde, mpaka leo. Na huyu Kyungu ana historia ya kutisha. Zamani alikaa kilima cha Mbande, hatoki ovyo, watu wa kawaida hawamwoni, na masimulizi yanasema akiugua wakubwa wake walimziba pumzi, kwa sababu mwili wake ndio nchi, na nchi haitakiwi kuugua. Sisi Rungwe tulikuwa na Lwembe, ambaye naye alikuwa mtu wa matambiko, lakini hakupata nguvu ya Kyungu. Kwa nini, na ni ndugu? Biashara. Pembe za ndovu zilipita Ungonde kwenda ziwani, na Kyungu akawa ndiye anayegawa nguo na bunduki zilizorudi. Kwetu milimani kila malafyale, yaani chifu, alibaki na bonde lake. Kwa hiyo hata kabla ya Mzungu mbegu ilishaanza kutofautiana, sikatai.

Msije mkadhani nawasifia. Machifu wa Malawi wana upande wao mchungu. Banda, rais wao wa kwanza, alizipa mahakama za jadi uwezo wa kuhukumu hata kesi za mauaji, na mwaka 1983 mahakama ya namna hiyo ndiyo iliyomhukumu kifo Orton Chirwa, mwanasheria, waziri wa zamani, pamoja na mkewe Vera. Adhabu ilipunguzwa, lakini Orton alifia gerezani 1992. Hapo mila ilikuwa kanzu, aliyeivaa ni polisi.

Na Banda alikuwa fundi wa jambo hili. Kwa Wachewa wa Malawi ya kati, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye msimamizi wa dada zake na watoto wao. Mjomba huyo anaitwa nkhoswe, na kundi lake la akina mama linaitwa mbumba. Banda akajitangaza kuwa ni Nkhoswe Namba Moja, na wanawake wote wa nchi ni mbumba wake, wamchezee ngoma uwanja wa ndege wakiwa na vitenge vyenye sura yake. Wangonde na Watumbuka wa kaskazini, ambao ukoo wao unafuata baba na mahari wanalipa ng'ombe, wakajikuta wana mjomba ambaye hawakumwomba. Msicheke sana. Mwalimu naye alikwenda kuchukua maneno nyumbani: ujamaa, ndugu. Tofauti ni kwamba mjomba yuko juu yako, ndugu yuko kando yako. Angalau kwa maneno.

Kwenye nguo za wanawake, Banda na Mwalimu walikutana. Kwetu Operesheni Vijana ilianza Januari 1969, vijana wa TANU wakawinda sketi fupi mitaani. Malawi wakaweka sheria 1973, mwanamke asivae suruali wala sketi isiyofunika magoti. Sababu ikatajwa ileile: utamaduni wetu. Nyanya zangu, ambao utotoni walivaa mkanda wa gome la mti, wangeshangaa sana. (Kicheko.)

Lugha nitaipita haraka kwa sababu ina mhadhara wake. Sisi Kiswahili ndicho kilichotufanya Mhehe na Mnyakyusa tutaniane bila kugombana. Lakini Karonga jina la Mswahili lilikuja na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa. Mwaka 1887 watu wake waliwaua Wangonde pale Kambwe, wengine wakiwa wamejificha kwenye matete, na yeye akanyongwa na Waingereza 1895. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hatakipokea Kiswahili kama wewe. Banda mwaka 1968 akachagua Chichewa kiwe lugha ya taifa, Kitumbuka kikatolewa redioni hadi 1994. Hata hivyo nendeni sokoni Karonga leo, bei mtatajiwa kwa Kiswahili. Pesa haina kinyongo.

Chakula ni kilekile, ila wenzetu nsima, yaani ugali, wanaipakua kwa mwiko uliolowekwa maji, kitonge juu ya kitonge kama matofali laini, wakati sisi tunageuza mlima mmoja. Walipeleka nsima UNESCO, ikaandikwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2017. Mwaka uliofuata wakapeleka ngoma ya Mwinoghe, na kwenye maelezo yake wachezaji wametajwa kuwa ni Wasukwa, Wangonde na Wanyakyusa. Mnasikia? Tuko kwenye orodha ya dunia, tumeingilia mlango wa Malawi.

Lakini nataka nimalizie kwenye harusi, maana ndipo kamati inapojionyesha. Kwetu harusi huanza miezi minne kabla, na ujumbe: "Tumsaidie ndugu yetu." Unaahidi. Ahadi inakufuata. Kadi ya mtu mmoja bei yake, ya wawili bei yake, na asiyemalizia anaisikia harusi kwa jirani. Siku yenyewe ikifika pesa zimekwisha kuliwa na ukumbi, kazi yetu ni kukaa kwenye viti vilivyovishwa nguo. Malawi pesa inatoka siku hiyohiyo, mbele za watu. Wanaita perekani, toeni. Mshereheshaji anaita: marafiki wa bwana harusi! Wanainuka wanacheza, wanarusha noti kwenye kapu. Pembeni kuna meza ya kubadilishia: unaleta noti kubwa, unapewa kibunda cha ndogo ndogo, mpya, ili ucheze muda mrefu. Niliona bibi mmoja akirusha noti moja, anazunguka, anarusha nyingine, dakika kumi nzima, na jumla yake haikufika bei ya kadi yetu ya mtu mmoja. Alicheza kama tajiri. Kwetu bibi yule asingeingia ukumbini.

(Swali kutoka kwa mama mmoja: Je, mwalimu, unataka machifu warudi?)

Mama yangu, asante. Kuna mahali wameshaanza kurudi kwa sherehe. Mwaka 2021 kule Magu Rais Samia alisimikwa akaitwa Chifu Hangaya. Lakini sherehe ni kitu kimoja na kazi ni kingine. Kazi niliyoipenda ni ya Chifu Theresa Kachindamoto wa Dedza, kule Malawi. Alivunja mamia ya ndoa za watoto akawarudisha shuleni, na wakuu wa vijiji walioendelea kuzikubali akawasimamisha. Aliweza kwa sababu alikuwa na kiti. Sisi Sheria ya Ndoa ya 1971 inayomruhusu binti wa miaka kumi na tano kuolewa, mahakama ya juu kabisa ilishasema mwaka 2019 irekebishwe, na kijijini hakuna mwenye kiti wa kusema "hapa kwangu hapana". Ila kiti hichohicho ndicho kilichomfunga Chirwa. Kwa hiyo mimi sitaki chifu, mama. Nataka kamati yenye ujasiri wa kumwambia mwanachama wake aliyechanga pesa nyingi kwamba amekosa. Mkiipata mniunganishe kwenye kikundi.

(Swali: Na yule kuku mlimlipa?)

Tulimlipa. Kaka alinunua jogoo mkubwa sokoni, mwekundu, kwa heshima ya Tanzania. Chifu akamgeuza, akamrudisha, akasema anataka tetea, jogoo anaye. Ikabidi turudi sokoni.