Mafahali wawili kwenye keneli moja: kutoa opsheni za vachualaizesheni zinazogombana

Haya, mnanisikia huko nyuma? Poa. Leo tunaongelea konfigi ya keneli ya Linux, yaani orodha ya opsheni unazochagua kabla ya kujenga huo moyo wa mfumo, upande wa vachualaizesheni tu, ile ya kompyuta moja kubeba ndani yake mashine pepe, kompyuta za kiprogramu, maana swali ninaloulizwa sana ni hili: mtu kafungua menuconfig, ile menyu ya kuchagulia opsheni, kakuta haipavaiza kibao, yaani programu za kuendesha mashine pepe: KVM ipo, Xen ipo, Hyper-V ipo, zote zimewashwa, anashtuka, anasema hizi lazima zinagombana, nifute ipi nibakize ipi?

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo: nyingi kati ya hizo hazigombani hata kidogo. Ugomvi wa kweli uko upande wa mwenyeji, yaani ile kompyuta inayobeba mashine pepe. Upande wa mgeni, yaani keneli inayokaa ndani ya mashine pepe, wanakaa pamoja bila shida. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu jiulize, keneli hii naijenga iwe mwenyeji au iwe mgeni? Watu wanaruka hapo, wanaanza kufyeka, alafu mashine haibuti wanashangaa.

Tuanze na mgeni. Keneli ikiamka kwenye prosesa za x86 inaangalia kama iko ndani ya haipavaiza, inauliza kwa CPUID, amri ya kuiuliza prosesa taarifa zake, pale kwenye namba 0x40000000, na haipavaiza inajibu kwa saini yake. KVM inajibu KVMKVMKVM, Xen inajibu XenVMMXenVMM, VMware inajibu VMwareVMware, Hyper-V inajibu Microsoft Hv. Keneli ina orodha ya haipavaiza inazozifahamu, inazipitia, yenye kipaumbele cha juu ndiyo inachukuliwa, nyingine zinakaa kimya. Ndo maana keneli moja ya distro, yaani Linux iliyofungashwa tayari kama Debian, inabuti kwenye mashine ya kawaida, kwenye KVM na kwenye Hyper-V bila wewe kubadilisha chochote. Ukitaka kuona imeamua nini, angalia dmesg, logi ya keneli, kuna mstari unaosema Hypervisor detected, au andika systemd-detect-virt. Alafu kuna kamchezo hapo: KVM inaweza kujifanya Hyper-V ili Windows ikiwa mgeni iende vizuri, basi saini ya Hyper-V inakaa kwenye 0x40000000 na ya KVM yenyewe inasogezwa hadi 0x40000100. Kwa hiyo hata haipavaiza zenyewe zimeshazoea kukaa kwenye meza moja.

Sasa hofu hii imetoka wapi? Imetoka zamani, na zamani ilikuwa ya haki kabisa. Xen ilikuwa pachi kubwa (kiraka cha msimbo) inayokaa nje ya keneli rasmi, OpenVZ nayo pachi, Linux-VServer nayo pachi, na zote zinakata humo humo kwenye msimbo, huwezi kuzibandika mbili pamoja zikakubali. Debian walikuwa wanatoa keneli tofauti tofauti, moja ya xen, moja ya openvz, moja ya vserver, na Squeeze ya 2011 ndiyo ya mwisho kuja na hizo mbili za mwisho. Kilichobadilisha mambo ni paravirt_ops, iliingia kwenye 2.6.20 mwezi wa pili 2007, toleo lile lile KVM ilipoingia. Badala ya kila haipavaiza kukata msimbo kivyake, ikawekwa sehemu moja ya kuchomekea, na wakati wa kubuti keneli inajipachi yenyewe kulingana na ilipojikuta. Baada ya hapo wengine wakaja wakaondoka: VMI ya VMware iliingia 2.6.21 ikatolewa 2.6.37, kwa sababu prosesa zilishaanza kufanya kazi ile zenyewe, na lguest iliingia 2.6.23 ikafutwa 4.14 mwaka 2017. Kwa hiyo ukikuta mwongozo unakwambia uzime CONFIG_VMI, ujue huo mwongozo ni mzee, opsheni yenyewe haipo tena, na ukileta konfigi ya zamani kwenye keneli mpya hiyo mistari inadondoka kimya kimya, hauambiwi.

Tuje kwa mwenyeji, hapa ndo kwenye mafahali wawili na zizi moja. Kwenye prosesa za Intel, haipavaiza ikitaka kutumia VT-x, yaani msaada wa vachualaizesheni uliomo ndani ya prosesa, inatoa amri ya VMXON kwenye kila koa (core) ya prosesa, na koa ikishaingia huko imeshachukuliwa. Haipavaiza ya pili ikija kwenye keneli hiyo hiyo haina pa kuingilia. Mfano mzuri ni wa juzi juzi tu, Linux 6.12, ilitoka mwezi wa 11 mwaka 2024. Kabla ya hapo KVM ilikuwa haiwashi VT-x mpaka utengeneze mashine pepe ya kwanza, kwa hiyo moduli yake, kipande cha keneli kinachopakiwa kivyake, inakaa imepakiwa tu na VirtualBox, haipavaiza nyingine, inaendelea na kazi zake wala hazijuani. Kwenye 6.12 wakabadilisha, moduli ya KVM ikipakiwa tu inawasha hapo hapo, na moduli yenyewe inapakiwa kila ukibuti kwa sababu udev, programu inayotambua vifaa, imeiona prosesa inakubali. Watu wakaamka asubuhi wanakutana na VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE, mashine pepe haiwaki, wanadhani diski imekufa.

Hapo wengi wanakimbilia kujenga keneli upya, na mimi nasema tulia kwanza. Angalia konfigi, kama CONFIG_KVM_INTEL ni m basi ni moduli, andika modprobe -r kvm_intel umemaliza, au iweke kwenye blacklist, orodha ya moduli zisizopakiwa zenyewe, au buti na kvm.enable_virt_at_load=0 ili irudi tabia ya zamani. Kujenga upya kunakuwa na maana kama ni y, kwa sababu ya y iko ndani ya keneli yenyewe huwezi kuitoa ikiwa inatembea. Au kama unajenga keneli ya kazi maalum na hutaki msimbo ambao hautautumia, hiyo ni sababu nzuri tu, msimbo usiokuwepo hauna matundu. Na wale wa Xen, ukiwa dom0, ule mfumo mkuu unaosimamia wageni wa Xen, kumbuka Xen iko chini yako, imeshashika VT-x, kwa hiyo kvm_intel haitapakika hata ukiiacha kwenye konfigi. Haina madhara, ila haina kazi.

Sasa umeamua kweli unatoa. Unatoaje? Hapa ndo pana vituko. Mtu anafungua .config na edita, anatafuta CONFIG_KVM_GUEST=y, anafuta mstari, anasevu, anajenga, kumbe opsheni imerudi. Imerudi kwa sababu kwa Kconfig, mfumo unaosoma hiyo konfigi, kufuta mstari sio kuzima, ni kusema sijajibu swali, na ukisema hujajibu make olddefconfig inakujibia kwa difoti, na difoti ya KVM_GUEST ni y. Kuzima kunaandikwa hivi: # CONFIG_KVM_GUEST is not set. Ndio, inaonekana kama komenti, na kila mtu anadhani ni komenti, ila Kconfig inausoma huo mstari kama jibu la hapana. Mimi sio shabiki wa huo uandishi ila ndo hivyo ulivyo.

Cha pili ni select. Opsheni moja inaweza kuiwasha nyingine kwa nguvu hata kama wewe umeizima. Unataka kuzima PARAVIRT, unaizima, inarudi, unaizima, inarudi, unatukana. Kumbe HYPERV bado imewashwa na HYPERV inai-select PARAVIRT. Ndani ya menuconfig bonyeza alama ya mkwaju, tafuta jina, soma pale palipoandikwa Selected by, huyo ndo wa kuanza naye. Na ukitaka kutoa upande wote wa mgeni kwa mpigo kwenye x86, zima HYPERVISOR_GUEST, maana Xen, KVM_GUEST, Hyper-V na Jailhouse zote zinaitegemea hiyo, ikianguka zinaanguka nayo.

Mimi natumia scripts/config --disable alafu jina, baadae make olddefconfig, alafu scripts/diffconfig .config.old .config. Hiyo ya mwisho msiiruke jamani. scripts/config yenyewe haikagui utegemezi, inaandika tu ulichoiambia, olddefconfig ndo inanyoosha, na diffconfig inakuonesha ni nini kingine kimeondoka ambacho hukukiomba. Ukiona umezima kitu kimoja na orodha imejaa skrini nzima, simama usome.

Na kwenye hiyo orodha macho yawe kwenye virtio. VIRTIO_BLK, VIRTIO_PCI, VIRTIO_NET. Mtu anasema nasafisha vachualaizesheni, anafyeka chochote chenye virt kwenye jina, alafu keneli inaenda kukaa ndani ya KVM ambako diski yake ni ya virtio, inabuti nusu inadondoka na VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Virtio sio haipavaiza, ni draiva, haigombani na mtu. Kama hutumii initramfs, ule mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwanza kwenye memori, inabidi iwe y kabisa, m haitoshi, maana moduli iko kwenye diski na diski haisomeki bila moduli. Make localmodconfig nayo inaingiza watu kwenye shimo hilo hilo, inabakiza moduli zilizopakiwa kwenye mashine uliyopo tu, ukiifanyia kwenye kompyuta ya kawaida alafu ukapeleka keneli kwenye mashine pepe, virtio hamna.

Kuna mkono umenyooshwa pale. Anauliza je kama mashine yangu ni mgeni na mwenyeji kwa pamoja? Swali zuri. Hiyo inaitwa nestedi, unaendesha KVM ndani ya KVM, na hapo unabakiza zote mbili, KVM_GUEST kwa sababu wewe ni mgeni na KVM_INTEL au KVM_AMD kwa sababu una wageni wako. Hazigombani, kila moja ina kazi yake. Upande wa Intel nestedi imewashwa kwa difoti tangu 4.20, kilichobaki ni yule mwenyeji wa chini akupitishie flagi, ukiangalia /proc/cpuinfo ndani ya mashine pepe uone vmx, au svm kama ni AMD. Usipoiona, usihangaike na konfigi yako, tatizo liko kwake.