Walioondoka Kabla ya Kuitwa

Ndugu zangu, habari za mchana. Nawashukuru kwa kuja, hasa ninyi wanafunzi mlioshuka kutoka chuoni hadi hapa mjini.

Foleni hupungua kwa njia mbili: watu wamehudumiwa, au wamechoka wakaondoka. Ofisi nyingi hupima urefu wa foleni bila kuuliza ni njia ipi iliyoipunguza. Jambo hili linaniumiza, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Hesabu za foleni zilianzia kwenye simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza juu ya simu zinazoingia kwa kubahatisha. Miaka ya 1940 Conny Palm wa Sweden akamwingiza kwenye hesabu mpigaji anayechoka kusubiri na kukata simu.

Sasa tuje kwenye swali letu. Wateja ni wa makundi tofauti: nani atangulie? Kama hakuna anayeondoka, kanuni ya zamani inasema chukua uzito wa kila dakika anayosubiri mteja, yaani hasara ya dakika hiyo, ugawe kwa muda wa kumhudumia. Mwenye jibu kubwa atangulie. Mwenye uzito 1 na shughuli ya dakika 5 anapata 0.2, mwenye uzito 3 na shughuli ya dakika 20 anapata 0.15. Wa kwanza anatangulia, ingawa uzito wake ni mdogo.

Watu wakianza kuondoka, mambo yanabadilika. Mwaka 2010 Rami Atar, Chanit Giat na Nahum Shimkin walionyesha kwamba pale wahudumu wanapokuwa wengi na wateja wakazidi uwezo wao, jibu lile lizidishwe kwa wastani wa muda ambao mteja huvumilia. Hebu lipimeni hilo. Tuseme wawili wana uzito sawa na shughuli ya dakika 10 kila mmoja. Mmoja huvumilia dakika 20, mwingine dakika 120. Kanuni inamtanguliza mvumilivu! Sababu ni kwamba asiye mvumilivu, ukimwacha, ataondoka mapema na dakika zake hazitahesabiwa tena. Hesabu ni sahihi kabisa. Ila imehesabu kusubiri peke yake.

Huyo wa dakika 20 ni nani hapa Dodoma? Mara nyingi si mtu mkorofi. Ni mama aliyetoka Kondoa au Mpwapwa, anayeangalia saa kwa sababu gari la kurudi likimwacha atatafuta pa kulala. Mvumilivu anakaa Makole, hapa hapa mjini, na kesho anaweza kurudi kwa miguu. Mama akiondoka, anapoteza nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya shamba.

Kwa hiyo hasara ya kuondoka nayo iwekewe alama. Kila dakika ya kusubiri iwe alama 1. Kuondoka kwa mama kuwe alama 150, kwa mkazi wa Makole 30. Mama anafikia 20 za kusubiri na 150 za kuondoka, yaani 170. Mwenzake 120 na 30, yaani 150. Shughuli zao zinalingana kwa muda, basi mama atangulie. Tukihesabu hasara ya kuondoka peke yake, muda wa kuvumilia unatoka kabisa kwenye kanuni. Vinabaki hasara hiyo na muda wa kuhudumia. Ninyi wa takwimu, nendeni mkalithibitishe wenyewe.

Alama 150 nimeiweka mimi kwa mfano. Ya kweli inatakiwa itoke dirishani. Namba inapoitwa asitokee mtu, karani huita inayofuata na ile ya kwanza ikasahaulika. Naomba iandikwe: ilichukuliwa saa ngapi, kwa huduma gani, na mwenyewe ametoka wapi. Na mkipiga wastani, msiwaache waliohudumiwa. Aliyeitwa baada ya dakika 40 hatujui angevumilia mpaka lini; tunajua tu ni zaidi ya 40. Mkiwahesabu walioondoka peke yao, mtadhani watu wa Dodoma hawana subira.