Kipindi cha Dakika 40 na Kompyuta Isiyotaka Kuamka

MWALIMU: Karibuni tena. Fundi, leo nina kesi. Kipindi changu ni dakika 40. Watoto wanawasha kompyuta, halafu sote tunakodolea macho kile kiduara kinachozunguka. Kikiacha, robo ya kipindi imeshakwenda.

FUNDI: Pole, Mwalimu. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni ngapi?

MWALIMU: GB 4. Diski ni zile za kuzunguka. Ukitega sikio unaisikia inakwaruza.

FUNDI: Basi mgonjwa wa kwanza ni hiyo diski. Weka SSD, diski isiyozunguka, hata ya GB 120, utadhani umenunua mashine mpya. Mfumo endeshi tuujadili baadaye.

MWALIMU: Tuujadili sasa hivi! Windows 10 ilifikia ukomo wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 imezikataa mashine zangu, inataka TPM 2.0, kile kijichipu cha usalama.

FUNDI: Haya. Mimi ningeanza na mfumo mwepesi wa Linux: Lubuntu, au Linux Mint ile yenye mwonekano mwepesi wa Xfce. Zote zinakuja na LibreOffice, programu za kuandikia nyaraka na kazi za ofisi.

MWALIMU: Na Puppy, ile Linux ndogo? Nasikia inapaa.

FUNDI: Inapaa kwa sababu inajipakia kwenye RAM. Ila kwa kawaida inamwingiza mtumiaji moja kwa moja kama root, mwenye mamlaka yote. Utawapa watoto wa miaka 12 funguo za nyumba nzima?

MWALIMU: (anacheka) Thubutu! Wale wa kwangu ndani ya wiki watakuwa wamefuta hadi saa. ChromeOS Flex, ule mfumo wa Google, je?

FUNDI: Inawaka haraka, na kuisimamia ni rahisi. Lakini kazi zake nyingi zinategemea intaneti, na programu za Android haiendeshi. Mtandao wenu ukiwa wa kusuasua, achana nayo.

MWALIMU: Sasa nikuungamie. Lubuntu nilishaiweka kwenye mashine moja. Iliwaka vizuri, nikafurahi. Nikafungua kivinjari, kichupo cha saba kikaganda.

FUNDI: Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mfumo ni mwepesi, tovuti si nyepesi. Ndiyo maana huwa siulizi inawaka kwa sekunde ngapi tu. Washa kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, fungua somo lako lenyewe, yaani video, waraka na tovuti mnayotumia, kisha fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike free -h. Tazama safu ya available, yaani RAM iliyo huru kutumika, imebaki na nini.

MWALIMU: Na kasi ya kuwaka niipime hapohapo?

FUNDI: Hapana, flashi itakudanganya. Subiri usakinishe, kisha andika systemd-analyze blame. Itakutajia huduma moja moja, yaani programu za chinichini zinazoanza kompyuta ikiwaka, na muda iliotumia kila moja. Mara nyingi utakuta kuna moja imekaa tu inasubiri mtandao.

MWALIMU: Inasubiri mtandao, na sisi tunaisubiri yenyewe! Printa je?

FUNDI: Ijaribu siku hiyohiyo ya flashi, Mwalimu, kabla hujafuta kitu.