Dubu Ana Umri Gani?

Mwenyekiti, ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie namna wasomaji wanavyozipokea katuni zinazodhihaki katuni za watoto za enzi zile. Walionisikia kwingine wanajua ninakoelekea. Wanivumilie, kwa sababu hoja yenyewe bado haijaingia vichwani, na ningali naona watu wenye elimu zao wakiandika mambo yaleyale.

Hoja yangu ni hii. Msomaji anafungua kitabu cha katuni ambacho kwa sura kinafanana na vile alivyosoma akiwa na miaka minane: rangi zilezile, herufi zilezile, mhusika yuleyule mwenye shavu jekundu. Ukurasa wa pili anakuta mhusika yule analewa, anatukana, au anafanya mabaya zaidi. Msomaji anaghadhibika, anachukua kalamu, anaandika kwamba wameuchafua utoto wake. Mimi nasema huyo bwana hakukasirishwa na mchoro. Kilichomkasirisha ni kumbukumbu yake mwenyewe, ambayo imekamatwa ikisema uongo.

Nianze na dubu. Najua, kila mara naanza na dubu. Nipeni mfano bora nami nitamwacha apumzike.

Rupert mnamfahamu: dubu mweupe, fulana nyekundu, suruali ya njano ya mirabamiraba na skafu yake. Mary Tourtel alimwanzisha mwaka 1920 katika gazeti la Daily Express, Uingereza, na tangu hapo vizazi kwa vizazi vimelala usingizi baada ya kusomewa habari zake. Sasa, mwaka 1970, jarida moja la London lililoitwa Oz liliwaalika wanafunzi wa sekondari waje kuhariri toleo zima, toleo namba 28. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 15. Kijana huyo akachukua katuni ya Mmarekani Robert Crumb, katuni ya watu wazima hasa, akakata kichwa cha Rupert na kukibandika juu ya mwili wa mhusika wa kiume. Mkasi na gundi, basi. Matokeo yake, dubu yule mpole akaonekana akifanya mambo nisiyoweza kuyasimulia mbele ya hadhira hii. Itoshe kusema hakuwa ameenda matembezini msituni. (Kicheko.)

Mwaka 1971 wahariri watatu wa jarida hilo, Richard Neville, Jim Anderson na Felix Dennis, wakafikishwa Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya London. Kesi ikachukua wiki sita. Mashtaka yalikuwamo ya uchafu na yalikuwamo ya kula njama ya kupotosha maadili ya umma. Na katika mahakama ile kubwa, yenye majoho na mawigi, yakatokea mazungumzo ambayo kwangu mimi ndiyo somo zima la leo. Mwendesha mashtaka, Brian Leary, alimsimamisha shahidi wa upande wa utetezi, mtaalamu wa saikolojia ya jamii, akamuuliza: kwa maoni yako, Rupert ni dubu wa umri gani?

Shahidi akajibu kwamba anasikitika, hana habari mpya za dubu.

Leary hakucheka. Akamwambia hana haja ya habari mpya, kwa sababu Rupert habadiliki. Akaendelea kumbana: je, anakusudiwa awe mtoto, au mtu mzima, au nini? Shahidi akasema swali hilo halina uhalisia, ni sawa na kumuuliza sayari ya Jupiter ina umri gani.

Kila kitabu kinachosimulia kesi hii kinamcheka Leary hapo. Mimi simcheki. Nasema katika mahakama nzima ile, msomaji makini kuliko wote alikuwa ni yeye. Wengine walikuwa wakijadili uhuru wa kuandika, sanaa, vijana wa kisasa. Yeye peke yake ndiye aliyeiona dhihaka inafanyia kazi wapi. Rupert habadiliki! Ana miaka ileile tangu 1920, na ndiyo maana yule kijana hakuhitaji kuchora kitu. Alichukua kichwa kisichobadilika akakiweka juu ya mwili unaobadilika, mwili ule ambao kila mtoto wa miaka 15 anaufahamu kwa karaha na kwa hamu. Kizimbani kijana alieleza kwamba aliona jambo lenyewe linachekesha, na kwamba alitaka kukishtua kizazi cha wakubwa wake. Basi alikishtua. Aliyeshtuka hakuwa mtoto aliyemwona dubu wake kavuliwa nguo. Ni wanaume wa makamo, kila mmoja na Rupert wake kichwani.

Neville alihukumiwa miezi 15, Anderson 12, Dennis 9. Jaji Argyle alimweleza Dennis kwamba amepunguziwa kwa kuwa akili yake ni ndogo kuliko za wenzake. Dennis baadaye akawa mchapishaji wa majarida mwenye utajiri wa kupindukia, lakini hilo ni jambo jingine, nalitaja kwa sababu linanifurahisha. Hukumu za uchafu zilitenguliwa kwenye rufaa. Ilionekana jaji aliwaelekeza vibaya wazee wa baraza.

Sasa kuna mtu hapo atasema: huo ni mfano wa kupindukia, dubu na ngono, nani asingekasirika? Haya, tumwache dubu. Twende kwenye vitu vya kila siku.

Chukueni The Beano na The Dandy, majarida mawili ya watoto yaliyotoka Dundee, Scotland. Dandy 1937, Beano mwaka uliofuata. Mkiwauliza waliokua nayo watawaambia ulikuwa ulimwengu wa usafi na kicheko. Fungueni matoleo ya miaka ya hamsini. Dennis the Menace, aliyeanza 1951, anafanya ukorofi picha kumi, na picha ya mwisho amelazwa kifudifudi juu ya magoti ya baba yake, ndara inapanda na kushuka, nyota zinaruka. Wiki inayofuata, tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa tamati, kama vile hadithi nyingine zilivyoishia na sahani ya mlima wa viazi vya kuponda, soseji zimechomekwa pande zote kama miiba ya nungunungu. Kipigo au soseji. Mtoto alijifunza kwamba dunia ina malipo ya aina hizo mbili.

Halafu mwaka 1979, Newcastle, vijana kadhaa wakatoa Viz, jarida la katuni za watu wazima. Nakala 150, wakaziuza baa; pensi 20, na kama wewe ni mwanafunzi wa chuo, pensi 30. (Kicheko.) Kufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni moja kwa toleo. Tazameni katuni yao moja, Biffa Bacon. Mtazamaji wa haraka atadhani amefungua Dandy: miraba ileile iliyopangwa, mistari ya mwendo nyuma ya ngumi, sauti za kishindo zimeandikwa kwa herufi nene. Dandy walikuwa na mhusika mbabe anayempiga mtoto mdogo kila wiki na mwisho anaaibishwa. Viz wamemchukua mbabe wakampa wazazi. Na wazazi ndio wanaomfundisha kupiga. Mama yake ana mikono kama ya mpakua mizigo bandarini. Biffa akilegea kidogo tu, akionyesha huruma, baba anamtandika, mama anamalizia. Hakuna cha kuaibishwa wala cha fundisho.

Watu waliandika kulalamika kwamba ni ukatili. Naam, ni ukatili. Lakini ndara imetoka wapi? Viz hawakuileta wao. Waliikuta imening'inia ukutani mle ndani, wakauliza tu: hivi baba huyu anayepiga kila wiki kwa miaka thelathini, ni baba wa namna gani? Msomaji anayelalamika aliona kipigo kile mara mia utotoni na kumbukumbu yake ikahifadhi soseji. Viz wanamrudishia kile alichokisahau, naye anawashitaki wao kwa kukiweka.

Nami nikisema hivi, hujitokeza mtu wa kuniambia: wewe unawadharau wasomaji. Hapana! Nawaheshimu mno. Asiyeijua Beano hawezi kukasirishwa na Viz. Ataona matusi na michoro, atakiweka chini. Ili udhihakiwe inakupasa uwe umesoma, tena umesoma kwa mapenzi. Barua ya hasira ni ushahidi wa mapenzi, na wahariri wenye akili hulijua hilo. Viz wamekuwa wakizichapa barua za malalamiko kwa raha zao, na lile lalamiko kongwe kuliko yote, kwamba jarida siku hizi halichekeshi kama zamani, wameligeuza kuwa utani wao wenyewe. Fikirini: jarida linalodhihaki hamu ya watu ya mambo ya zamani nalo linaletewa malalamiko ya watu wenye hamu na jarida lenyewe la zamani.

"Lakini watoto je?" Swali hili huwa halikosi. Mtoto atakiona dukani, atadhani ni chake, ataharibika. Jamani. Tuliona mambo haya Marekani zamani. William Gaines na EC, kampuni yake ya kuchapisha katuni, walikuwa na kitabu cha katuni za dhihaka, Mad, tangu 1952, Harvey Kurtzman akiwa mhariri, wakiwadhihaki mashujaa na wanyama wa katuni mmoja baada ya mwingine. Halafu Gaines akaongeza jarida dada, Panic. Toleo la kwanza kabisa, mwishoni mwa 1953, lilikuwa na dhihaka ya shairi maarufu la usiku wa kuamkia Krismasi. Maneno ya shairi hawakuyagusa. Mchoraji, Will Elder, alijaza vituko pembezoni mwa picha, na nyuma ya sleji ya Santa Claus akatundika kibao kama cha gari la maharusi, ila kibao kilisema wametalikiana karibuni. Huko Massachusetts mwanasheria mkuu wa jimbo akataka jarida liondolewe madukani. Kwa kibao! Swali lililowatesa wakubwa ni hili: Santa ametalikiana na nani? Mtoto hajiulizi hivyo. Mtoto anataka kujua zawadi iko wapi. Gaines naye akajibu mapigo: akaondoa Massachusetts vitabu vyake vya katuni za hadithi za Biblia.

Mwaka uliofuata, 1954, ukaja uchunguzi wa kamati ya Seneti kuhusu vitabu vya katuni, ukaja na ule mwongozo wa maadili ambao wachapishaji walijiwekea wenyewe, na mwaka 1955 Mad ikageuzwa kutoka kitabu cha katuni kuwa jarida la kawaida, ambalo mwongozo ule haukulihusu. Watu hupenda kusema ilikuwa mbinu ya kuukwepa mwongozo. Gaines mwenyewe alieleza kwamba alitaka kumbakiza Kurtzman, aliyekuwa na ofa kwingine. Tafadhali, mkiandika, andikeni hivyo. Nimechoka kusahihisha.

Naona mwenyekiti anaitazama saa. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu wachapishaji wa zile katuni zinazodhihakiwa, namna wao nao wanavyozisoma dhihaka, nitaikata. Kwa kifupi: mwaka 1971 Dan O'Neill na wenzake San Francisco walitoa matoleo mawili ya katuni iliyomchora Mickey Mouse kwa mtindo wake wa miaka ya thelathini, akifanya maovu ya watu wazima. Disney wakashitaki. Mahakama ya rufaa mwaka 1978 iliwapa Disney haki kwenye suala la hakimiliki, kwa hoja ninayoipenda sana ingawa iliwaumiza wachoraji: kwamba Mickey anajulikana na watu kiasi kwamba kumkumbusha msomaji hakukuhitaji kumnakili kwa ukaribu ule. Majaji wamepima kumbukumbu ya msomaji! Wamesema dokezo kidogo tu lingemtosha, mengine atayajazia mwenyewe. Ningeweza kukaa hapo saa nzima. Haya.

La mwisho. Mwaka 1993 Alan Moore, pamoja na Steve Bissette na Rick Veitch, walitoa mfululizo ulioitwa 1963, kuigiza katuni za mashujaa za mwaka huo. Waliiga kila kitu: karatasi, matangazo ya bidhaa za kipuuzi, majigambo ya mhariri, na hata ukurasa wa barua za wasomaji. Barua za kubuni, kutoka kwa wasomaji wa kubuni, wanaosifu kwa jazba ya kubuni. Yaani walimwandikia msomaji hisia zake kabla hajawa nazo. Yakatoka matoleo sita, na hadithi ilitakiwa imalizike katika kitabu kikubwa cha mwaka chenye kurasa themanini, mashujaa wa 1963 wakikutana na wale wakali wa 1993. Kitabu hicho hakikutoka. Na wanunuzi, watu wazima waliolipia mzaha wakijua ni mzaha, wangali wanauliza hadithi iliishaje.